Siku Niliyompiga Fundi Simai kwa Ruhusa

Nyinyi mnaomaliza skuli mwaka huu, sogeeni, mzee wenu ana la kusema. Nina miaka kumi na minane na kazi nimeshastaafu. Msicheke. Nilifanya kazi miezi mitatu mizima katika karakana ya magari, nyuma ya soko la Darajani, nikatoka na mgongo unaouma, kikohozi cha moshi wa dizeli, na hadithi nyingi kuliko babu yangu aliyekuwa baharia. Sasa nimo chuo cha ufundi, nakaa kwenye dawati kama nyinyi na kusubiri kengele ya chakula. Kama huko si kustaafu, basi sijui kustaafu ni nini.

Najua walimu watakavyokuambieni kuhusu mafunzo ya kazi. Nendeni mkawe watiifu, mkajifunze kwa bidii, mtarudi mafundi. Hawatakuambieni kwamba mwezi wa kwanza hutashika gari. Utashika tambara. Utafuta spana ambazo ni safi kuliko wewe, na ukimaliza utaambiwa uanze upya kwa sababu fundi hajapata jambo jingine la kukupa.

Mimi siku ya kwanza nilikwenda na suruali yangu ya kubana, ile niliyokuwa nikipita nayo vichochoroni tu ili nisikutane na wale vijana wa chama wa kupima suruali kwa chupa. Mnaijua habari ya chupa: wakiitia kiunoni isipoangukia mguuni, suruali inachanwa hapo hapo na wewe unakwenda nyumbani umejifunika kikapu. Fundi mkuu alinitazama kuanzia juu hadi chini, akarudi juu.

"Ukiinama na hiyo," akasema, "tutapata kazi ya kushona."

Akanipa overoli. Wallahi, ile overoli ilishonwa kwa ajili ya watu wawili walioelewana. Niliikunja miguu mara nne na bado nilikuwa naikanyaga.

Huyo ndiye Fundi Simai. Mtu wa Makunduchi, mfupi, mweusi wa grisi, masharubu kama brashi ya kusugulia plagi. Alikuwa hana maneno mengi. Gari likiletwa haulizi lina nini. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaiweka kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho kama mtu anayesikiliza kisomo. Kisha anasema, "Beringi ya tatu," na kweli inakuwa beringi ya tatu. Mlishike hilo, ni elimu ya bure: bisibisi ni sikio. Na jingine: ukifungua nati, zipange kwenye sahani ya bati kwa mpangilio ulivyozifungua, usizimimine kama njugu. Mimi nilizimimina kama njugu. Nilishinda nazo mpaka magharibi nikizijaribu moja moja, na Fundi Simai amekaa pembeni anakunywa chai, ananitazama kama mtu aliyelipia tiketi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Miezi mitatu ikimalizika, fundi mkuu huitwa ofisini kusema neno moja juu yako: anafaa, au hafai. Ukifaa, chuo. Usipofaa, kila mtu na kwao. Na kwangu mimi, huko kwao kulikuwa ni meza ya ami yangu Darajani, ya kuuzia papa mkavu. Ami hana mtoto wa kiume na alikuwa ananitazama tangu nina miaka saba vile mtu anavyotazama kiatu anachokisubiri kitoshe. Hamjui harufu ya papa mkavu inavyomganda mtu. Ami akienda msikitini, safu nzima inapata nafasi. Mama yangu alishamwambia, "Subiri tu, fundi akimkataa, wako." Kwa hiyo maisha yangu yote yalikuwa yanakaa mdomoni mwa Fundi Simai, chini ya yale masharubu.

Na mimi, kwa akili zangu, nikamchokoza.

Mafundi wana mchezo wao kwa wageni. Wiki ya pili Fundi Simai akaniita mbele ya watu wote, uso mkavu kabisa: "Kijana, chukua kikapu, nenda kaniletee nusu ratili ya cheche za plagi. Darajani zipo." Mafundi wote wakainama chini ya magari wakijifanya wana kazi. Mwenzangu aliyenitangulia, walinihadithia, alizunguka maduka yote ya viungo akiuliza cheche, na kila mwenye duka akampeleka kwa mwenzake, mpaka akafika bandarini.

Miye nikasema, "Naam, fundi." Nikachukua kikapu, nikaenda zangu Forodhani. Nikakaa chini ya kivuli, nikanunua muhogo wa kuchoma, nikatazama watoto wanavyojirusha baharini, nikalala kidogo. Adhuhuri nikarudi na kikapu kitupu.

"Cheche ziko wapi?" akauliza Fundi Simai, na watu wameshaanza kujishika mbavu.

"Zimekwisha, fundi. Wamesema zinakuja na meli ya wiki ijayo. Ila nimekuwekea foleni."

Walicheka mpaka mmoja akajigonga kichwa kwenye chesisi. Lakini walimcheka Fundi Simai, si mimi. Yeye hakucheka. Alipangusa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, akasema, "Haya." Basi. Hilo "haya" lilikaa tumboni mwangu miezi miwili. Tangu siku hiyo nikiuliza swali la kweli ananijibu, "Kaulize kwenye foleni yako." Nikimwambia gari linavuja maji, anadhani nafanya mzaha, maji yanamwagika, anakuja kutazama wakati kuku wameshakunywa. Vijana wangu, mzaha ni kitu kitamu, lakini unaula ukweli wako. Siku unapotaka kuaminiwa, unakuta umeshautumia wote.

Sasa nawaleta kwenye wiki ya mwisho.

Gari moja la abiria la shamba, lenye bodi ya mbao, lilizimika Makunduchi, pale nyumba za kwanza zinapoanza. Na siku zenyewe zilikuwa za Mwaka, ile sikukuu ya watu wa Makunduchi ya kufungua mwaka wao mpya, ambapo kila mtu wa huko anataka kuwa kwao. Fundi Simai akaamua kwenda kulitengeneza mwenyewe. Akatutazama sote tuliosimama pale, akaninyooshea spana mimi.

"Wewe. Twende."

Nikavimba kama andazi. Njia nzima, tangu Tunguu mpaka Kitogani, nilikuwa najiambia: kumbe ameona ufundi wangu, kumbe mzee ana moyo. Nilimwambia hata dereva wa lori lililotubeba kwamba mimi ndiye msaidizi. Dereva akaitazama ile overoli, akaongeza mwendo.

Tulifika asubuhi ya Mwaka wenyewe. Dereva wa lile gari bovu, kijana mmoja anaitwa Ngwali, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari lake kama mfiwa. Fundi Simai akaweka bisibisi sikioni, akasikiliza, akasema, "Karbureta." Akaifungua, akaisafisha, akaifunga. Ngwali akafungua tangi kupima petroli kwa kijiti, akafunga, akawasha. Likawaka safi. Likaenda kidogo tu, mpaka kwenye kona, likakohoa, likafa.

Fundi akaifungua karbureta tena. Akaipuliza mpaka mashavu yakataka kupasuka. Ngwali akapima petroli, akawasha, likaenda mpaka kona ile ile, likakohoa, likafa.

Miye nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na tangi, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na kivuli. Nikasikia kitu. Kila Ngwali alipofungua tangi, lilitoa mlio: fyuuu. Kama bibi aliyeonyeshwa samaki wa juzi. Nikatazama kifuniko. Hakikuwa kifuniko cha gari. Ngwali alikipoteza cha asili, akachonga kizibo cha mti, akakizungushia mpira wa baskeli ili petroli isimwagike, na kilikuwa kimebana kuliko suruali yangu. Hewa haiingii hata ya dawa.

"Fundi," nikasema, "hili tangi..."

"Kimya."

"Linafyonya, fundi."

"Linakufyonya wewe. Nenda kalete maji ya kunywa kwenye nyumba ile, kisha njoo ukae kimya hapa. Leo sitaki cheche."

Nikaenda. Nyumba yenyewe ilikuwa jirani, ng'ambo ya barabara. Nikabisha hodi, akatoka mama mmoja mnene mwenye kanga mpya inayonukia upya wa dukani, Bi Kazija. Kabla sijasema maji, akapiga kigelegele.

"Mgeni! Mgeni kaja na miguu yake!"

Maneno mengine aliyasema kwa Kikae chao, nusu nikaelewa, nusu nikakisia. Niliyoyaelewa ni "ingia," "keti" na "kula." Akanitandikia mkeka, ukaja wali wa nazi, kuku, samaki, tui limesimama. Miye ni kijana wa Mji Mkongwe, kwetu chakula cha namna ile ni cha harusi, na hata harusini unagombania. Sikuuliza. Nilikula kama mtu anayevunja nyumba. Kila nikisimama, Bi Kazija ananishika bega, "Bado, mwanangu, bado hujatubariki." Nikasema moyoni, watu wa ajabu hawa, wanalishwa baraka na mtu anayewamalizia kuku.

Niliporudi na birika la maji, Fundi Simai alikuwa anaikusanya karbureta kwa mara ya tatu.

"Mbona umekawia? Haya, nawa mikono, twende kwangu ukale."

"Ahsante, fundi, nshakula."

Spana ikasimama hewani. "Umekula wapi?"

"Pale kwa Bi Kazija."

Ngwali akasema, "Yallah," akajifunika uso kwa kofia.

Hapo ndipo nilipopata elimu ambayo haimo kwenye kitabu cha jiografia. Siku ya Mwaka, nyumba ya Makunduchi isiyokuwa na mgeni inaonekana haitapata heri mwaka mzima. Wenye nyumba hutafuta wageni kama mnavyotafuta mkate wa boflo siku hizi. Fundi Simai hakunichukua kwa sababu ya ufundi wangu. Alinichukua nikawe mgeni wa nyumba yake! Alinibeba kutoka mjini kama mtu anayebeba kuku wa sadaka, nami nikaenda nikajichinja kwa jirani.

Na tena jirani wa upande wa pili. Kwa sababu siku hiyo Makunduchi inagawanyika pande mbili, kusini na kaskazini, wanaume wanakutana uwanjani na mabua ya mgomba wanapigana. Si ugomvi. Ndiyo dawa ya ugomvi: yaliyokaa moyoni mwaka mzima yanatolewa siku hiyo kwa bua, na yakishatolewa, hayazungumzwi tena. Fundi Simai ni wa upande wa kusini. Bi Kazija alikuwa ameolewa kaskazini.

"Umekula kwao," akasema Fundi Simai polepole, "basi wewe wao."

Akaipanda barabara kuelekea kwake, akaiacha karbureta juu ya bodi. Nikajiona tayari nimesimama Darajani, nafukuza nzi kwa kipepeo cha ukindu.

Jioni, jua likiwa limepoa, uwanja ulijaa. Wanawake wako pembeni na kanga zao, wanaimba wakitukana upande wa pili kwa mashairi ambayo nikiyaandika hapa mwalimu wenu atayachana. Bi Kazija akanisukuma mbele na bua mkononi. "Nenda, mgeni wetu, usitutie aibu!" Mabua yameshaanza kulia, pap, pap, watu wazima na ndevu zao wanakimbizana kama watoto wa chuo cha Kurani. Nilikuwa najificha nyuma ya jitu moja pana, likaondoka. Nikabaki uso kwa uso na Fundi Simai. Amevua shati. Ana bua refu la mgomba begani kama mtu aliyekuja kwa shughuli.

"Shikamoo, fundi," nikasema. Adabu ya mjini haichagui mahali.

"Marahaba," akajibu, na pap! la mgongoni. "Hilo la cheche."

Watu wakashangilia. Pap! "Hilo la foleni." Pap, pap! "Hilo la nati, na hilo la kumaliza kuku wa Kazija wakati kuku wangu anakusubiri!"

Bua la mgomba haliumizi sana, lakini lina maji, na yanaingia masikioni. Fundi Simai akasimama, akahema, akanitanulia mikono.

"Zamu yako. Toa la moyoni."

"Sina, fundi."

"Toa."

Nikafikiri ofisi. Nikafikiri lile neno moja. Nikamgusa begani kwa bua, taratibu, kama mtu anayemwondolea mzee mdudu. Uwanja mzima ukazomea. Fundi Simai akakunja uso, na kwa mara ya kwanza niliona amekasirika kweli.

"Unaniwekea akiba? Unataka kuondoka na kinyongo juu yangu uende nacho mjini? Piga kama mtu, au toka uwanjani!"

Basi, Bwana, nikapiga. "Hilo la overoli!" Pap! Akatikisa kichwa, vizuri. "Hilo la kunifutisha spana safi mwezi mzima!" Pap! Watu wakacheka, hata yeye masharubu yakacheza. Na mimi nikawa nimeshapata moto, ulimi ukatangulia akili, kama kawaida yake. Nikalinyanyua bua kwa mikono miwili.

"Na hili la tangi! Si karbureta, fundi! Kizibo cha Ngwali kimeziba pumzi, petroli haishuki! Kopo la maziwa ukilitoboa tundu moja, maziwa hayatoki!"

Pap!

Wanaume waliokuwa karibu wakaacha kupigana. Kumpiga fundi kwa bua ni mila. Kumwambia mbele ya watu wake, mbele ya wake za upande wa pili, kwamba amesafisha karbureta mara tatu bure, sijui kama mila imefika huko. Bi Kazija peke yake ndiye aliyesema, kwa sauti ya jikoni, "Lakini kopo kweli linatobolewa mawili."

Fundi Simai alilitupa bua, akatembea kuelekea barabarani, na kundi likamfuata, kusini na kaskazini wamechanganyika. Miye nikawa wa mwisho, natafuta pa kukimbilia. Akafika kwenye gari, akairudisha karbureta mahali pake, akaweka mkono kwenye kizibo, akakizungusha.

Fyuuu.

Akakifunga. Akakifungua tena. Kimya, hamna mlio, hewa imeshaingia. Akamwomba Ngwali msumari na moto wa jiko, akautia msumari motoni mpaka ukawa mwekundu, akakitoboa kile kizibo tundu dogo katikati. Akakirudisha. "Washa."

Likawaka. Likaenda mpaka kwenye kona. Likaipita kona, likaendelea, Ngwali akapiga honi mpaka mbuzi wa kijiji kizima wakakimbia, na watoto wakaning'inia nyuma.

Fundi Simai akanishika shingo ya overoli, akanipeleka moja kwa moja mpaka nyumbani kwake, akanikalisha kwenye mkeka mbele ya sahani ambayo mkewe alikuwa ameshaifunika kwa masikitiko.

"Kula."

"Fundi, tumbo limejaa mpaka hapa."

"Nyumba yangu haikai bila mgeni kwa sababu ya tumbo lako. Kula."

Nikala. Vijana wangu, mimi nimebeba giaboksi la lori peke yangu, lakini kazi nzito niliyoifanya katika miezi ile mitatu ni kuku wa pili siku ya Mwaka. Njia nzima ya kurudi mjini nililala chali kwenye lori, naomba lisipite shimo. Fundi Simai alikaa mbele, hakusema neno, wala la kizibo wala la bua. Nikajua yamekwisha. Au nikajua nimekwisha mimi. Vyote viwili vinafanana sana ukiwa umelala chali.

Siku ya mwisho tukaitwa ofisini. Ofisa, mtu wa miwani na kalamu mbili mfukoni, alimuuliza Fundi Simai huku miye nimesimama mlangoni nasikia kila kitu, kwa sababu ule mlango haujawahi kufungika.

"Huyu kijana, tabia yake?"

"Mbaya," akasema Fundi Simai. "Kanipiga."

Kalamu ikasimama. "Kakupiga?"

"Mara tatu. Mbele ya watu."

Ofisa akanitazama juu ya miwani, nami nikaitazama sakafu. "Na kazi, fundi? Kazi anaijua?"

Fundi Simai akayavuta masharubu, akafikiri kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kufikiri kwa gari lolote.

"Lile la tatu," akasema, "lilikuwa kweli. Andika anafaa."

Tulitoka pamoja mpaka uani. Nilitaka kumshukuru. Nikashika mkono wake uliojaa grisi, nikasema shikamoo tu. Akaitikia, akaushika mkono wangu asiuachie.

"Mwakani uje kwangu Makunduchi, uje na njaa," akasema. "Na bua lako uje nalo. Miye nshaanza kukukusanyia."